Msichana Aliyeomba Kuonyeshwa Kikombe

Katika nchi ya Utuvu hakuna anayekimbia. Hata kuku wa huko, wakifukuzwa jikoni, hutoka kama wazee wanaokwenda kwenye kikao. Mgeni anayefika mara ya kwanza hudhani watu wote ni wagonjwa, au wote wametoka mazikoni, mpaka aelezwe habari ya ghala.

Zamani, ndivyo wanavyosimulia wenyewe, ghala kubwa la mji lilishika moto siku ya kugawa mbegu. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuzimwa kwa ndoo. Lakini watu waliukimbilia mlango mmoja wakakanyagana, na waliokufa mlangoni walikuwa wengi kuliko ambao moto ungewapata. Walionusurika walitazamana wakaona haya. Wakaapa kwamba hakuna mtu wa nchi ile atakayekwenda mbio tena, wala mtoto wake, wala mgeni wake. Kiapo kilikuwa kizuri. Mambo yaliharibika baadaye, walipolazimika kuamua mbio ni nini.

Waliamua hivi. Kila njia ina nguzo mbili zilizopakwa rangi nyekundu, na katikati yake kibanda cha askari wa mwendo. Mtu akipita nguzo ya kwanza, askari huinua kikombe cha uji wa moto na kuanza kunywa. Mpitaji akifika nguzo ya pili kikombe hakijaisha, amekwenda mbio. Kikombe kikiisha naye bado yumo njiani, amekwenda kwa adabu, na askari humpungia mkono. Watu wakipita kundi, hupimwa aliye mbele, ndiyo maana huko hakuna anayependa kutangulia. Waliotunga kanuni hii walijiona wenye akili sana. Saa huharibika, walisema, lakini binadamu na uji wake hawabadiliki.

Mize hakuyajua haya alipofika. Yeye aliitwa kwa sababu ya dada yake Raya, aliyeolewa Utuvu na mtu aitwaye Badi. Raya alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na uzazi ule ulimwacha hana nguvu hata za kumweka mtoto kifuani akakaa naye. Habari ilipofika kwao, wakatazamana nani aende. Mize ndiye aliyekuwa hajaolewa. Shule aliiachia darasa la nne, na mbele ya wageni alizungumza akiutazama mkeka. Lakini mama yake alisema, "Aende Mize. Ana mikono ya kubembelezea." Basi akaenda.

Alizifikia nguzo za mtaa wa dada yake amebeba mfuko wa unga wa lishe na kanga mbili mpya za kumfungia mtoto. Kibandani alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya askari iliyofifia. Mize akamwamkia, mzee akaitika vizuri, akainua kikombe. Mize akaendelea na njia. Alipoigusa nguzo ya pili mzee alinyanyua mkono.

"Binti, umekwenda mbio."

"Mimi, baba?"

"Wewe." Alilisema kwa huzuni, kama anayetoa habari ya msiba. "Kikombe hakijafika hata nusu."

Mize alihisi uso unamwaka. Hakubisha. Tangu alfajiri moyo wake ulikuwa umeshafika kwa dada yake, umeshakaa kitandani, umeshampakata mtoto. Alipoambiwa amekwenda mbio, alijiona kama mtu aliyechungulia akakutwa. Akatoa mguu mwenyewe, mzee akamfunga njuga kwenye kifundo, kwa upole, akimwomba radhi kwa baridi ya chuma.

Njuga ilikuwa ya kuwatahadharisha watu. Mtuhumiwa wa mbio haruhusiwi kuingia nyumba yenye mtoto mchanga mpaka kesi yake iishe, na aliyepatikana na hatia hubaki na njuga, haruhusiwi kuingia humo wala kumpakata mtoto mpaka mtoto huyo aanze kutembea mwenyewe. Watu wa Utuvu wanaamini kwamba haraka hupita mikononi, ikaingia kwa aliyebebwa. Mize aliambiwa haya mlangoni kwa dada yake na jirani mmoja aliyesimama kaziba njia, mwenye haya kama yeye.

Ndani sauti ya Raya ikauliza, "Mize? Ni wewe?"

"Ni mimi, dada."

"Mbona huingii?"

Mize akasogeza mguu, na njuga ikajibu.

Alipewa mkeka chini ya kipaa cha jiko la nje. Huko alimkuta shemeji yake Badi, mtu mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Naye alikuwa na njuga mguuni.

"Na wewe, shemeji?"

"Na mimi."

"Kwa mzee yule yule?"

"Yule yule, Mzee Ngwali. Siku mtoto alipozaliwa. Nilikuwa nakwenda kumwita mkunga."

"Ulikuwa unakimbia kweli?"

Badi aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Nilikuwa nakimbia moyoni," akasema. "Nikadhani na miguu imefuata."

Hakuwahi kumshika mwanawe. Jioni jirani humwinua mtoto dirishani, naye Badi humwangalia kwa nje, akisema maneno mawili matatu ambayo mtoto hawezi kuyaelewa. Aliyasimulia haya bila kulalamika. Akamweleza Mize mambo yatakavyokuwa: atakwenda kituoni, ataulizwa kama anakubali, atasema anakubali. Atachovya kiganja kwenye chokaa na kukibandika ukutani, juu ya viganja vya wengine, na kesi itakuwa imekwisha.

"Nikikubali, mtoto nitamshika?"

"Mpaka atembee."

"Nisipokubali je?"

Badi aligeuka akamtazama kama aliyetamka neno la chumbani mbele ya wakwe. "Hakuna asiyekubali, shemeji."

Mtoto akaanza kulia. Raya alijaribu kumnyamazisha, sauti yake ikakatika, kitanda kikalia, mtoto akazidi. Jirani aliyekuwa mlangoni alikwisha kwenda kwake, ikabidi aitwe tena. Mize na Badi walimwona tangu mwisho wa mtaa, anakuja. Alikuwa mtu mwema, ameweka mkono kifuani kwa kumwonea mtoto huruma, na alikuja kwa adabu, hatua na hatua, mtoto analia, nao wawili wenye mikono mizima wamekaa nje wanamngoja.

Asubuhi Mize alikwenda kituoni. Ukuta wa kituo ulikuwa mweupe kwa viganja, vikubwa na vidogo, vingine vimebandikwa juu ya vingine hata huwezi kujua kipi ni cha nani. Watu walipanga foleni kimya. Dirishani alikaa karani, Bi Mwatime, mama mnene mwenye miwani aliyekuwa akiuliza neno lile lile siku nzima bila kuinua kichwa.

"Unakubali?"

Mize alikuwa amelitayarisha neno lake njiani. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini kilio cha jana kilikuwa bado masikioni, na lililotoka likawa jingine.

"Sijui, mama."

Bi Mwatime akainua kichwa.

"Mimi sikujiona nilivyotembea," Mize akasema, akiitazama meza. "Labda mkinionyesha, nitajua."

"Tukuonyeshe nini?"

"Hicho kikombe."

Nyuma yake kwenye foleni mwanamume mmoja alikohoa. Mama mmoja alimvuta bintiye akamficha uso kwenye kanga yake. Mize hakuwa amejua, na ndipo alipoanza kujua, kwamba Utuvu mtu anaweza kuiba akasamehewa, anaweza kulewa akacheka na watu kesho yake, lakini kuomba ushahidi ni kumwambia askari machoni kwamba mama yake alizaa mwongo.

"Basi, mama," akasema haraka, "nimekosea. Nakubali."

"Umeshasema," Bi Mwatime akajibu, na hakuwa na hasira, alimwonea uchungu. "Kubadili neno papo hapo ni mbio za ulimi, mwanangu. Hiyo ni kesi nyingine. Usijiongezee."

Sheria ya Utuvu haimkatazi mtu kuomba ushahidi. Maofisa wa huko huwaambia wageni jambo hili kwa fahari. Inataka tu mwombaji asimame juu ya jiwe lililo katikati ya soko mpaka kesi yake iitwe, na kila apitaye amwambie, "Naomba kuona." Jiwe lenyewe halikuwa refu. Lakini watu wa Utuvu hupita polepole, kila mmoja humtazama aliye juu yake kwa muda mrefu, na aibu ambayo kwingine ingepita kama upepo, pale ilikuja ikakaa.

"Naomba kuona," Mize alimwambia muuza nyanya.

"Naomba kuona, naomba kuona," muuza nyanya akamwigiza, akipanga mafungu yake. "Ungewaomba hivyo wachumba, ungekuwa umeshaolewa."

Wenzake wakacheka.

"Muacheni," akasema mwingine, mwenye bamia. "Mtoto wa watu hana makosa. Wakubwa wake ndio hawakumfunza. Mzee Ngwali amezilinda nguzo zile tangu mimi sijavunja ungo. Leo anaambiwa mwongo na msichana ambaye mtandio wenyewe umemshinda kuukaza."

Mize akaupeleka mkono kichwani, akaukaza mtandio. Walicheka tena.

Kisha wakanyamaza, kwa sababu Mzee Ngwali mwenyewe alikuwa anakuja. Alipita baina ya mafungu ya nyanya na bamia akiwa amevua kofia yake, akasimama mbele ya jiwe. Mize ilimbidi aseme, maana ndiyo sheria.

"Naomba kuona," akasema, sauti haikutoka vizuri.

"Binti, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba."

"Nilikufunga taratibu. Nilikuuliza kama inakubana."

"Uliniuliza."

"Basi mbona unanivua nguo sokoni?"

Mize akalitazama jiwe chini ya miguu yake. Laiti angeruhusiwa kushuka angeshuka, akatembea mpaka kwao bila kugeuka, na dada yake angemsamehe au asingemsamehe. Lakini kushuka kabla ya kuitwa nako kulikuwa mbio. Mzee alivaa kofia yake akaondoka, ameshika shavu kama mtu aliyepigwa, na wanawake wa soko hawakucheka tena siku ile. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Kesi ilipoitwa, nusu ya mji ilikuja. Hakimu Sadala alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya kusinziza watoto, anayesifiwa nchini kote kwa mwendo wake. Inasemekana kijana mmoja aliwahi kumfuata kutoka nyumbani kwake mpaka mahakamani, na walipofika ndevu zilikuwa zimemwota. Hakimu alimtazama Mize, akaiona njuga, akamwambia akae, kisha akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Ushahidi upo?"

"Ulikuwapo, Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema. "Ulinywewa kwa mujibu wa kanuni."

"Wote?"

"Askari alimalizia baada ya mtuhumiwa kufungwa njuga. Kanuni inakataza kumwaga uji."

"Na kikombe?"

"Kipo, Mheshimiwa. Kimeoshwa."

"Kimeoshwa kwa nini?"

"Kwa usafi."

Hakimu aliandika neno, pengine neno lenyewe lilikuwa usafi. Yakafuata mabishano marefu. Wazee wa baraza walibishana kama uji ulionywewa bado ni ushahidi au umekuwa sehemu ya askari. Mmoja alisema ikiwa ni sehemu ya askari, basi kumwonyesha askari ni kuuonyesha ushahidi, na askari huyo pale amekaa, kesi imekwisha. Wengi walilipenda wazo hilo. Mwingine akauliza uji ulikuwa wa moto kiasi gani, na mpishi wa kituo akaitwa, akasema ulikuwa wa moto. Wa moto vipi? Wa moto, mpishi akarudia, kama uji. Wazee wakaridhika.

Hakimu akamuuliza Mize kama naye ana neno.

Mize alisimama. Njuga ililia, naye akangoja inyamaze. "Mimi sisemi baba ni mwongo," akasema. "Nataka kumshika mtoto wa dada yangu. Kama nilikimbia, sitamshika. Lakini iwe ni kwa kitu nilichokifanya kweli. Nikiambiwa tu, kila nikimsikia analia nitajiuliza."

Aliketi, na alipoketi aliona haya kwa kuwa maneno yalikuwa mengi.

Hakimu Sadala aliiweka kalamu yake chini kwa muda uliomstahili. Halafu akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa Utuvu. Alisema twendeni nguzoni, uji upikwe, msichana atembee tena, askari anywe tena, na sisi tuone.

Basi wakaenda, na kwenda kwenyewe kulichukua muda. Uji ukapikwa mbele ya watu. Mzee Ngwali akakaa kibandani na kikombe chake, mgongo umenyooka. Mize akawekwa kwenye nguzo ya kwanza. Aliamua kutembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani, polepole kama anayebeba maji ya watu wengine kichwani. Alitazama chini, akaweka kisigino mbele ya kidole, na kidole mbele ya kisigino. Alipoigusa nguzo ya pili watu waligeuka kumtazama askari. Mzee Ngwali alikuwa bado anapuliza.

"Amekwenda mbio," akasema mwendesha mashtaka, lakini hakulisema kwa nguvu.

"Mwingine," akasema Hakimu.

Wakamtoa bibi mmoja mwenye mkongojo. Bibi alitembea, akapumzika katikati kunyoosha kiuno, akatembea tena. Kikombe kikawa bado kiko juu ya nusu. Bibi alipoambiwa amekwenda mbio aliwashukuru, akasema hajaambiwa hivyo tangu mumewe afe.

Watu walianza kunong'ona. Hakimu Sadala akainuka, akakunja joho lake mkononi, akasogea kwenye nguzo ya kwanza. Akaanza kutembea, na wote walinyamaza, maana walikuwa wanautazama mwendo ambao wazazi huwaonyesha watoto wao. Kila hatua ilikuwa kama imefikiriwa kwanza. Alipofika nguzo ya pili alikaa nayo kidogo kabla ya kuigusa, kisha akaigusa, akageuka.

Mzee Ngwali alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akiuvuta uji kwa pembe ya mdomo, machozi yamemlenga. Akakitoa kikombe mdomoni. Kilikuwa na uji zaidi ya nusu, na kila mtu alikiona.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema.

"Jino," akasema.

"Jino gani?" Hakimu akauliza, sauti yake imekuwa ndogo.

"La huku nyuma. Limeoza tangu mvua za mwaka juzi. Kitu cha moto siwezi." Alikiweka kikombe chini, akakizungushia mikono kama anayekikinga na baridi. "Mwanzoni nilidhani ni mimi. Halafu kila anayepita akawa anawahi. Kila mtu. Nikasema moyoni, dunia imebadilika, watu wameanza kukimbia."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningesemaje, Mheshimiwa? Askari wa mwendo asiyeweza kunywa uji." Akamtazama Mize pale nguzoni. "Binti, si uongo. Mimi nilikuwa naona mnakimbia."

"Najua, baba," Mize akasema. Alitaka kumwendea amshike mkono, lakini watu wote walikuwa wanatazama, na yeye ndiye aliyewaita waje watazame.

Hukumu ilitolewa pale pale. Mize hakwenda mbio. Afunguliwe njuga. Mzee Ngwali apumzishwe kwa heshima. Katika kumbukumbu za mahakama iandikwe kwamba Hakimu hakutembea, alikuwa anaonyesha. Na kwa kuwa hawa ndio watu wanaoheshimu sheria, walimwondoa mzee kibandani wakamweka kijana mwenye meno mazuri, na nguzo zikaendelea na kazi.

Mpishi alipokuwa anamfungua njuga, Mize alimwona Badi nyuma ya watu, amesimama na mikono yake mirefu. Akajikuta anauliza, mbele ya wote, kwa sauti aliyodhani haisikiki.

"Na shemeji yangu?"

"Shemeji yako alikubali," akasema Hakimu.

"Alikubali kwa sababu hakuonyeshwa."

"Hakuonyeshwa kwa sababu alikubali." Hakimu alilisema kwa upole, kama kitu ambacho mtoto yeyote angekielewa. "Kiganja chake kiko ukutani. Aliyekubali amejishuhudia mwenyewe, na shahidi huyo hana jino bovu. Atamshika mtoto akianza kutembea. Si mbali."

Wengi pale walikuwa na njuga. Mize hakuwa ameziangalia kabla. Wote walikuwa wamepita kwa Mzee Ngwali tangu mvua zile, wote walikuwa wamechovya viganja kwenye chokaa, na sasa walikuwa wamesimama hawamtazami Hakimu wala hawatazamani. Walimtazama yeye. Haikuwa chuki. Walimtazama kama mtu aliyekufungulia mlango wa bafu nawe umo ndani.

Mize alitangulia nyumbani. Jirani alimpisha mlangoni. Raya alikuwa amelala ubavu, uso umekonda mpaka macho yamekuwa makubwa, na mtoto alikuwa kando yake analia kwa sauti ya kuchoka.

"Umeshinda," Raya akasema. "Wamenipa habari."

"Ndiyo, dada."

"Basi mbona umeinamisha kichwa? Mchukue."

Akamchukua. Alimweka begani, kiganja kimoja mgongoni na kimoja chini, akamtikisa kidogo, na mtoto akavuta pumzi mbili za kwikwi akanyamaza. Alikuwa wa moto, mzito kuliko alivyofikiri. Ndicho alichokuja kukifanya Utuvu, na alikuwa anakifanya. Lakini dirishani kulikuwa na kivuli, na kivuli kile kilipoona mtoto amenyamaza kilirudi nyuma, kama mtu anayekumbuka kwamba hakualikwa.

"Dada," Mize akasema, "nampeleka nje."

Raya akamsogezea kanga moja. "Mfunike miguu," akasema.

Badi alikuwa amerudi nyuma mpaka barabarani. Alipomwona Mize anakuja na mtoto, aliificha mikono mgongoni.

"Usinitie aibu ya pili, shemeji."

"Mshike."

"Mimi nimekubali. Kiganja nilikiweka mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono."

"Ulikubali nini?"

Badi akatazama njia aliyoipita siku ile kumfuata mkunga, akaitazama kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Sijui," akasema.

Alipolisema midomo ilimtetemeka, mtu mzima yule, na Mize aliona haya kumtazama. Hakumtazama. Aliutazama uso wa mtoto tu, akasogea karibu, akangoja. Muda ukapita. Mikono ya Badi ilitoka mgongoni mmoja mmoja. Haikujua ikae wapi, na Mize ilimbidi aushike ule wa kushoto auweke chini ya kichwa, kisha aushike wa kulia auweke palipobaki. Akaondoa yake. Njuga ililia mara moja Badi alipoukaza mguu, halafu ikatulia.

Watu waliotoka kwenye kesi walikuwa wanaanza kufika pale. Hapakuwa na njia nyingine ya kurudi mjini. Walikuja mmoja mmoja, wenye viganja ukutani na wasio navyo, muuza nyanya na mwenye bamia, Bi Mwatime na miwani yake, na nyuma yao Hakimu na joho mkononi. Waliona mtu mwenye njuga amempakata mtoto mchanga mchana kweupe katikati ya barabara, analia bila sauti. Kila mmoja alitamani awe ameshapita. Waliinamisha vichwa wakajifanya wanatazama miguu yao, lakini ilikuwa nchi ya Utuvu, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kupita upesi.